Mtani wa Mapato Daraja la Tatu

Nchi ninayotaka kuieleza ina jina zuri sana, ila kwa sasa halitumiki. Jina lilipelekwa kwenye kamati likahakikiwe, kamati nayo ikasafiri ng'ambo kujifunza namna wenzetu wanavyohakiki majina, na mpaka irudi tumeelekezwa tuandike "Nchi Husika". Sisi raia wake tunaitwa Wahusika. Tumezoea. Watoto shuleni wakiimba wimbo wa taifa, wakifika penye jina wanakohoa kidogo kisha wanaendelea, na kwaya ya polisi ndiyo inayokohoa vizuri kuliko zote.

Nasema haya mapema ili msomaji asije akadhani naizungumzia nchi yake. Mimi ni mtu wa haya. Nina kiduka cha soda na vocha pale Mtaa wa Sindano, ukuta mmoja na karakana ya ushonaji ya Bi. Sikudhani, na sijawahi kusema neno baya juu ya serikali hata nikiwa bafuni peke yangu. Nitakayosimulia ni mazuri matupu. Kama kuna mahali msomaji ataona aibu, aibu hiyo itakuwa yake mwenyewe, asinisingizie mimi.

Katika Nchi Husika kuna watu wa Milimani na watu wa Mabondeni. Zamani walipigana kwa sababu ya chumvi, wakauana mpaka wakachoka, na walipochoka wakapatana kwa masharti. Mtu wa upande mmoja anaweza kumtukana wa upande wa pili, akamchukulia kuku, akavaa viatu vyake akaondoka navyo, na mwenye mali hatakiwi kununa. Lakini mmoja akifa, wale wa upande wa pili ndio watakaochimba kaburi, na ndio watakaomfanyia marehemu mzaha mbele ya wafiwa: watavaa nguo zake, watatembea kama alivyotembea, mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka. Huo ndio utani. Kwetu sisi mtu asiye na mtani ni sawa na mtu asiye na wa kumzika.

Bi. Sikudhani ni wa Mabondeni. Mtani wake mkubwa alikuwa Ngwalida wa Milimani, fundi baiskeli, mtu wa maneno mengi na vifungo vichache. Baba yake Sikudhani alipofariki, Ngwalida alishuka kaburini, akajilaza chali, akatangaza kwamba hatoki mpaka apewe jogoo. "Huyu mla kambare anapata nyumba ya bure," alisema kutoka mle shimoni, "na mimi bado nimepanga!" Sikudhani alikuwa hajatia kitu kinywani tangu msiba uingie. Alicheka mpaka akakaa chini mchangani, na alipomaliza kucheka akaomba uji. Tangu hapo Ngwalida akawa ndugu.

Naye Sikudhani alikuwa na ahadi upande wa pili. Bibi Mwanamvua, mama yake Ngwalida, alikuwa kikongwe mwenye mguu mmoja mbovu na tabia ya kunusa ugoro, kupiga chafya, kisha kuulaumu upepo. Siku moja alimwita Sikudhani akamwambia, "Nikifa, wewe ndiye utakayeniigiza. Usimwachie yule Chiku wa karakanani kwako, hana makalio. Na mguu ni wa kushoto. Ukikosea mguu, naamka." Sikudhani akamwapia.

*

Matatizo, samahani, maendeleo yalianza pale serikali ilipogundua kwamba wenye biashara ndogo wanajificha. Ofisa wa kodi akiingia mtaani, kinyozi anageuka kuwa mteja wa kinyozi, muuza chipsi anasema jiko anamshikia mtu, na muuza soda fulani anafunga duka naye yumo ndani. Wataalamu wakaitwa. Walifikiri kwa muda mrefu, kwa posho, mpaka mmoja wao akauliza: ni nani ambaye Mhusika hawezi kumfungia mlango, wala kumnunia, hata akimchukulia kuku?

Ndivyo ilivyozaliwa Idara ya Mapato na Utani. Kamishna wake Mkuu, Mheshimiwa Dakta Liwalo, alikuja kuizindua pale uwanjani kwetu akiwa chini ya miavuli miwili, mmoja wa jua na mmoja wa heshima.

"Ndugu Wahusika!" alinguruma. "Wakoloni walitufundisha kwamba kodi ni maumivu. Uongo! Kodi ni mzaha kati ya serikali na wananchi wake, na asiyeelewa mzaha ni adui wa mila zetu. Kuanzia leo hamtatozwa. Mtataniwa! Na ukishataniwa utacheka, na kicheko chako kitaandikwa kuwa ndiyo ridhaa yako!"

Tukapiga makofi.

"Aidha, kwa kuwa utani sasa ni huduma ya umma, ni marufuku mtu binafsi kutania bila leseni. Utani holela unaikosesha nchi mapato."

Tukapiga makofi tena, maana mikono ilikuwa bado juu.

Idara ikatafuta watumishi, na kila mtumishi akapangiwa watu wa upande wa pili. Ngwalida aliomba akapata. Wakampa suti ya kijivu, kofia yenye nembo ya jogoo anayecheka, na cheo kirefu: Mtani wa Mapato Daraja la Tatu. Suruali ilikuwa inaburuta, akaja mbio karakana, na Sikudhani akamkunjia pindo bila kumtoza chochote.

"Bora wewe kuliko mgeni," Sikudhani alimwambia, pini zikiwa mdomoni. "Wewe unaijua kazi yangu."

"Nakijua mpaka kichwa cha kambare ulichokilamba jana," akajibu Ngwalida, na tukacheka wote, Chiku, mimi na mteja aliyekuwa anapimwa kiuno. Kilikuwa kicheko cha bure, na baada yake mtaani kwetu hakikupatikana kingine cha namna hiyo.

*

Kisha ikaja semina ya misingi ya kodi na mishahara kwa wenye biashara ndogo na waliojiajiri. Ilifanyika darasani, kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa karibu na masikio. Ngwalida alisimama mbele na kitabu cha mwongozo.

"Somo la kwanza," alisoma. "Aliyejiajiri ni watu wawili. Yupo mwajiri na yupo mwajiriwa. Sikudhani, simama."

Sikudhani akasimama.

"Huyu ni mwajiri. Haya, kaa." Akakaa. "Huyu ni mwajiriwa. Mmeona tofauti?"

Tuliiona. Mwajiri alikuwa mrefu zaidi.

"Mwajiri anampa mwajiriwa mshahara. Kabla ya kumpa anakata kodi, anakata na ya uzeeni, anayapeleka makato panapohusika, kisha anampa hati inayoonyesha alichomkata. Mwajiriwa asiporidhika anamlalamikia mwajiri kwa maandishi."

"Na mwajiri akikataa kupokea barua?" aliuliza kinyozi.

"Atashtakiwa na mwajiriwa, na gharama za kesi watagawana."

Sikudhani hapendi ugomvi na serikali, akafuata kila neno. Asubuhi alifika kama mwajiri, akafungua mlango, akaweka funguo mahali pake, akatoka nje, akaingia tena kama mwajiriwa na kujiamkia. Jumamosi alijilipa: mkono wa kulia ukatoa, wa kushoto ukapokea, na hati ikatiwa sahihi mbili zenye miandiko tofauti. Ngwalida alikuja kukagua, akagundua kwamba mwajiriwa huyu hajawahi kupewa likizo tangu karakana ifunguliwe.

"Unajinyanyasa," alimwambia kwa masikitiko, akaandika faini.

Sikudhani akajipa likizo, akakaa nyumbani akifua mapazia. Ngwalida akaja karakana, asimkute mwajiri kwenye nafasi yake, akaandika faini ya utoro. Kila faini ilipoandikwa, sheria ilimtaka mwenye kuandikiwa acheke, na Sikudhani alicheka. Mwanzoni alikuwa anacheka kweli.

Baada ya hapo ikafika zamu ya maharage. Chiku ndiye mfanyakazi pekee wa Sikudhani, mwanamke mtu mzima, anayetia vifungo na kupiga pindo kwa mkono, mwenye maneno machache na yote yana ncha. Juu ya mshahara wake alikuwa anapata chakula cha mchana pale pale karakana. Ngwalida akatufahamisha kwamba chakula anachopewa mfanyakazi ni sehemu ya malipo yake, hivyo ni lazima kithaminiwe, kiingizwe kwenye mshahara na kukatwa kodi. Na chakula hakithaminiwi kwa macho.

Akathamini sahani ya kwanza. Akasema haitoshi kufikia uamuzi wa haki. Alithamini wiki nzima, akirudi kila mchana na kijiko chake mwenyewe, na mwisho akajifuta mdomo akatangaza kwamba maharage haya ni ya daraja la hoteli.

"Mheshimiwa," Chiku alisema alipoona hati yake ya mshahara, "nimekatwa kodi ya chakula ulichokula wewe."

"Cheka, Bi. Chiku."

"Ha," akasema Chiku.

"Hiyo ni nusu."

"Na maharage niliachiwa nusu."

Ngwalida akaandika nusu, haraka haraka, bila kumtazama. Mtu aliyekuwa akiingia karakana kwa kuimba, siku hizo alianza kubisha hodi kwenye mlango ulio wazi.

*

Sasa nifike kwenye vitenge, ingawa ningependa kupita upande.

Semeni, binti wa kinyozi, alikuwa anaolewa, na wanawake wa mtaa wakakubaliana sare moja: kitenge cha zambarau chenye maua ya njano. Desturi yetu kila mtu anaijua. Fundi hauzi kitambaa. Mteja ananunua kitambaa chake dukani, anakileta, anapimwa, na fundi analipwa ufundi tu. Hata kipande kinachobaki kinarudishwa kwa mwenyewe. Hili analijua mtoto, analijua mbuzi anayengoja uani, na Ngwalida alilijua kuliko mbuzi, kwa sababu suruali zote alizowahi kuvaa kabla ya ile ya kijivu alizileta kwa Sikudhani zikiwa vitambaa chini ya kwapa.

Wanawake wakaleta. Kuna aliyeuza jogoo ili apate kitambaa chake, kuna aliyemficha mumewe. Mafungu yakapandana mpaka usawa wa dirisha, kila fungu na kikaratasi cha jina, na Sikudhani akawa anapita katikati yake kwa ubavu, anaringa kidogo, maana kupewa sare ya mtaa mzima si jambo dogo kwa fundi. Ni kuambiwa kwamba unaaminika.

Wakati huo huo Makao Makuu yalikuwa yametoa waraka kwamba watani wa mapato wanaorudi mikono mitupu warudishe na kofia. Ngwalida, ambaye watu wake walikuwa sisi, alikuwa akirudi mikono mitupu. Akaja, akasimama mlangoni, akayatazama mafungu.

"Mzigo wote huu umeupata wapi?"

"Unauliza nini, mtani? Si vitenge vya watu. Vya harusi ya Semeni."

"Mwongozo unasema kila kinachoingia katika biashara ni mapato."

"Vimeingia ili vitoke."

"Mwongozo hauzungumzii kutoka."

Sikudhani akacheka. Alicheka kwa moyo mmoja, kichwa nyuma, kwa kuwa alidhani ule utani wao wa zamani umerudi. Kumbe Ngwalida alikuwa ameshika kalamu, na kicheko kikaandikwa. Gari la Idara lilikuwa limeegeshwa kwenye kona, likaletwa, wakashuka wapakiaji wawili na bwana mmoja mwenye kipimo cha sauti. Sheria inasema mali ikichukuliwa, majirani waliopo washuhudie kwa kucheka.

Alipoona fungu la kwanza linapita mlangoni, Sikudhani aliacha kucheka.

"Ngwalida," alisema. Hakusema mtani. "Wewe unajua."

"Najua nini?"

"Unajua kwamba hakuna hata uzi mmoja wangu pale. Ningekuwa na vitenge vyote hivi ningekaa hapa kukushonea wewe viraka?"

Ngwalida aliinama, akatazama pindo la suruali yake, pindo alilokunjiwa na yule yule aliyesimama mbele yake. Nilidhani atasema neno, na nadhani naye alidhani hivyo.

"Mwongozo," akasema, "unasema kila kinachoingia."

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema Chiku kutoka kwenye kiti chake.

"Hiyo ni methali au utani?" aliuliza yule wa kipimo, akafungua kitabu chake. Chiku akarudi kwenye vifungo.

Kisha bwana yule akatugeuzia kipimo sisi majirani. Tukacheka. Kinyozi, baba wa bibi harusi, alicheka akiwa ameshika mkasi. Mimi nilicheka vizuri, nafikiri, kwa sababu gari lilipoondoka yule bwana alinipungia mkono.

*

Sikudhani alikwenda mlango hadi mlango kuwaambia wenye vitenge. Hakumtuma Chiku. Alijitanda khanga mpaka kwenye paji la uso, akabisha, akasema maneno yale yale kila nyumba, na kila nyumba walimjibu kwamba si kosa lake. Lakini walimjibu wakiwa wamesimama mlangoni, na hakuna aliyemwambia karibu ndani. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Semeni mwenyewe. Huko sikusikia walichozungumza. Nilimwona tu Sikudhani akitoka, akapita njia ya nyuma ya choo ili asipite mbele ya watu.

Harusi ilifanyika, kila mwanamke na nguo aliyokuwa nayo. Mpiga picha aliwapanga akawapangua, mwisho akasema tupige tu. Sikudhani hakwenda. Alikaa karakana akiwa ameupa mlango mgongo. Nilimpelekea soda, akaiacha ikaisha povu.

"Nilimkaribisha mimi," aliniambia. "Nilisema bora yeye kuliko mgeni. Mgeni angekuja, ningefunga mlango. Naona aibu, jirani. Nikipita watu wananitazama mikono."

Nikamwambia serikali ina nia njema. Akaniuliza kama ile soda nimeiandikia risiti.

Vitenge tuliviona tena. Katika maadhimisho ya Idara, televisheni ilionyesha kwaya ya watumishi ikikohoa wimbo wa taifa, na wote walikuwa wamevaa zambarau yenye maua ya njano. Vilishonwa ovyo, mabega yamepanda, maua yamegeuzwa vichwa chini. Mama yake Semeni aliinuka akaizima televisheni, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Kabla haijazimika nilimwona Ngwalida safu ya nyuma, akifungua mdomo, na kwa jinsi nilivyomzoea nilijua kwamba hatoi sauti.

Siku zilizofuata alianza kupita mtaani kwetu bila kazi yoyote. Akifika mbele ya karakana alikuwa akipaza sauti kama zamani: "Wala kambare mpo?" Cherehani ya Sikudhani haikusimama. Alipita tena kesho yake, akasema lile lile kwa sauti ya chini, na keshokutwa akapita kimya.

*

Bibi Mwanamvua akafariki.

Habari zilipofika, Sikudhani aliweka mkasi chini. Halafu akafungua sanduku, akatoa khanga moja kuukuu ya rangi aliyokuwa akipenda bibi yule, akaikunja, akaitia mkobani. Nikamwona anatia na kikopo cha ugoro. Nilijisemea moyoni kwamba leo mambo yatakwisha. Kwamba mahali ambapo mwongozo umeshindwa, bibi atapatanisha. Tukaenda watatu, yeye, Chiku na mimi.

Lakini Ngwalida alikuwa mtumishi wa umma, na mtumishi wa umma hafiwi kienyeji. Kaburi lilikuwa limechimbwa na mzabuni, likawa fupi, likarudiwa. Kulikuwa na turubai lenye nembo ya jogoo anayecheka. Kamishna Mkuu alikuja mwenyewe, na miavuli yote miwili, akatoa hotuba kwamba marehemu aliipa Idara mtoto, na Idara haisahau. Kisha akaitwa mtani wa serikali, kwa kuwa mwenye Daraja la Tatu anastahili mtani mmoja, wa kutoka Makao Makuu, pamoja na nauli yake.

Alikuwa bwana mwenye miwani ambaye hakuwahi kumwona bibi hata kwa picha. Akafunua karatasi.

"Marehemu," alisoma, "alikuwa na pua."

Yule wa kipimo akainua mkono. Tukacheka.

"Pua hiyo alikuwa nayo kila alikokwenda."

Tukacheka.

"Marehemu alikuwa akitembea kama," akaendelea, akasita, akaisogeza karatasi karibu na macho, "kama, jaza hapa." Akageuza upande wa pili, haukuwa na kitu. "Kama jaza hapa," alirudia kwa sauti ya uhakika zaidi, na mkono ukainuliwa, na Mungu atusamehe, tukacheka.

Ngwalida alikuwa amekaa mbele kwenye kiti cha wafiwa. Hakucheka wala hakulia. Mtu aliyefiwa, kwetu, hulia akichekeshwa. Asipochekeshwa kilio kinamgandia kooni. Nikamwona anainuka, anaacha mstari wa wakubwa, anakuja mpaka kwenye jamvi walipoketi wanawake, akasimama mbele ya Sikudhani.

"Mtani," alisema.

Sikudhani aliinuka. Akapiga goti moja, akainamisha kichwa, na mbele ya watu wote akamwambia, "Shikamoo, mheshimiwa."

Wasiotujua hawataelewa. Watani hawaamkiani. Tangu chumvi ile ya zamani, hakuna mtu wa Mabondeni aliyemwamkia mtani wake kwa heshima, isipokuwa amekwisha kumfuta katika utani. Wanawake kwenye jamvi walitazama chini. Ngwalida akarudi nyuma hatua, akaivua kofia.

"Usinifanyie hivyo, Sikudhani. Nitukane. Niite mwizi, niite mbwa, kisha umwigize mama. Alikuwa akikungoja wewe. Mpaka juzi alikuwa akiuliza kama unaukumbuka mguu."

"Sina leseni, mheshimiwa."

"Nakuandikia sasa hivi." Akaanza kujipapasa mifuko, wa koti, wa suruali, wa ndani.

"Na mhuri?"

Mhuri unakaa kwa Kamishna. Ngwalida akageuka. Kamishna alikuwa akitazama saa, na bwana wa kipimo alikuwa akitutazama sisi. Ilikuwa ni kusema neno moja tu: mwigize, liwalo na liwe. Neno hilo lilifika mpaka midomoni pake, naapa nililiona. Kisha mkono ukatoka mfukoni mtupu, na kofia ikarudi kichwani.

"Pole sana kwa msiba, mheshimiwa," Sikudhani alisema, akampa bahasha ya rambirambi kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu mkubwa asiyejulikana. Aliketi akaukumbatia ule mkoba, na nikajua kwamba aibu ya ahadi ile ilikuwa inamla yeye vilevile.

Jeneza likashushwa. Hakuna aliyejilaza kaburini, hakuna aliyedai jogoo. Bibi Mwanamvua, aliyemtukana kila mtu na kutukanwa na kila mtu, akazikwa kwa adabu.

*

Tulirudi kwa miguu, njia ya mashambani. Tulipopita kichaka cha minyaa, msiba umebaki nyuma hausikiki, Sikudhani akasimama. Akafungua mkoba, akaitoa ile khanga, akajifunga kwa chini kama wafungavyo vikongwe. Akafungua kikopo, akanusa, akapiga chafya kubwa.

"Upepo huu!" alisema, kwa sauti ya bibi. "Upepo huu hauna mama!"

Kisha akaanza kwenda. Lo! Alikuwa bibi mwenyewe. Bega moja limeshuka, mkono nyuma kiunoni, shingo imetangulia kutafuta wa kumsema. Chiku akashika mdomo kwa mikono miwili. Mimi nikacheka, nikacheka mpaka nikashika mti, na machozi yakanitoka, kwa kuwa ndipo nilipojua kweli kwamba bibi amekufa.

Kisha nikafunika mdomo, nikageuka nyuma kutazama kama yupo mtu mwenye kipimo.

Nikaona haya. Sitasema zaidi ya hapo. Nikaona haya mpaka masikio yakawaka.

Nyuma alikuwepo Ngwalida peke yake. Aliwaacha wageni wake na Kamishna wake, akatufuata, na sasa amesimama mbali katikati ya njia, kofia mkononi, anamtazama mama yake anavyokwenda. Mabega yalikuwa yanamcheza. Hakuita, wala hatukumwita.

Sikudhani hakugeuka. Aliendelea kuchechemea polepole, mguu wa kushoto, mpaka tukakata kona.